Aliyeambiwa Hapa ni Ufaransa

Jua lilikuwa limeanza kushuka pale Marthe alipotaka picha moja zaidi, ya mwisho.

"Moja tu, Victo. Kisha tunarudi Joburg."

"Umesema hivyo tangu mchana," nikamjibu, lakini nikashuka garini na simu yake mkononi. Ukiishi na Marthe chumba kimoja utajifunza kwamba kubishana naye ni kujichelewesha tu.

Tulikuwa nje ya Volksrust, mbali kabisa na kelele za Johannesburg. Ilikuwa Aprili 2018, msimu ambao kando ya barabara za huko kunajaa maua ya rangi ya waridi na meupe, hayajapandwa na mtu, yanajiotea tu. Nyuma ya maua kulikuwa na shamba la alizeti, na nyuma ya alizeti nyumba ya mawe ya zamani iliyozungukwa na miti mirefu myembamba. Marthe alikuwa amevaa kofia ya duara aliyoinunua mjini, Small Street, na skafu nyekundu shingoni. Alijipinda kiuno, akaangalia mbali kama mtu anayewaza mambo makubwa.

"Inaonekana Ufaransa?" akauliza.

"Inaonekana baridi imekushika," akasema Hugues.

Hugues ni rafiki yetu Mrundi, mlinzi kwenye jengo moja la ofisi Braamfontein. Corolla ilikuwa yake, petroli tulichanga. Safari yote ilikuwa kwa ajili ya hizo picha, na hapa lazima niseme kwa nini.

Mama yake Marthe, kule Uvira, aliuza kiwanja chake cha pekee ili binti yake afike Ulaya. Mtu aliyejifanya wakala alimfikisha Marthe Johannesburg, akamwambia asubiri siku mbili, akazima simu. Angemwambia mama yake ukweli siku ile, yangekuwa yamekwisha. Lakini alimwonea huruma. Akamwambia, "Mama, nimefika Ufaransa." Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Marthe ilikuwa na miaka minne na bado ilikuwa inaendelea. Mimi na yeye tunasuka nywele Rockey Street, tunalala Bellevue kwenye nyumba iliyokatwa vyumba kumi na choo kimoja, na kule Uvira mama mtu anatembea kifua mbele kwa sababu ana mtoto Ulaya. Namba ya simu inaanzaje, yeye hajui. Anajua sauti ya mwanawe tu, na anaiamini.

Nikapiga picha. Nilipoitazama kwenye simu, nikaona pembeni kabisa, nyuma ya bega la Marthe, kuna mtu amesimama.

Nikainua macho. Ni kweli, alikuwepo. Bibi mzee, blanketi mabegani, kando ya msalaba mdogo mweupe uliochomekwa ukingoni mwa barabara. Hatua chache mbele yake kulikuwa na pikapu, boneti wazi, na mwanaume akitupungia mkono kwa nguvu.

Hugues alimfuata wakaongea Kizulu. Akarudi akijikuna kichwa.

"Gari yao imekufa. Anaomba tumupeleke huyu gogo, huyu bibi, kwake Standerton, mbele giza iingie. Ni njia yetu ileile." Akasita. "Anasema mama haongei. Tusimusemeshe. Na anataka nafasi mbili."

"Mbili?" nikauliza. "Nani mwingine?"

Hugues akageuka, akauliza tena kwa sauti. Yule mwanaume akainua vidole viwili, kisha akarudisha kichwa kwenye injini.

"Labda ni muzigo," Hugues akasema.

Mzigo wenyewe ulikuwa tawi la mti. Majani mabichi yanayong'aa, miiba iliyopinda, mti wa ukoo wa mkunazi wetu wa nyumbani. Gogo alikuwa amelikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

Sasa sikilizeni kosa letu. Kwetu mzee haingii garini na mzigo mkononi wakati vijana wapo. Ni aibu. Mama zetu wangesikia, wangetuchapa hata leo tulivyo watu wazima. Marthe akamwendea, akapiga goti kidogo, akanyoosha mikono miwili.

"Lete, mama. Nikubebee."

Gogo akafungua mdomo. Akaufunga. Akatikisa kichwa, akarudi nyuma hatua moja, lakini Marthe alidhani ni ile heshima ya wazee ya kukataa kwanza. Akalishika tawi, akalivuta kwa upole, likaja.

Yule mama alimtazama kwa macho ambayo sitayasahau.

"Aii! Linachoma hili," Marthe akasema, akanyonya kidole kilichotoka damu. Gogo alipokwisha kukaa, akamrudishia tawi lake, akazunguka kuingia upande wa pili. Katikati yao, kwenye kiti cha nyuma, Marthe akaweka kapu la chakula. Gogo akaliondoa pale bila neno, akaliweka chini miguuni.

Kiti cha katikati kikabaki kitupu.

Tukaondoka.

Mwanzoni sikuona kitu. Niliona mashamba tu, na ng'ombe wanarudi, na anga linageuka rangi. Kisha ikaja harufu... ya tairi lililoungua. Hugues akanusa, akatazama dashibodi, akajaribu breki. Hakuna shida yoyote. Akafungua dirisha. Harufu haikutoka. Ilikuwa ndani, na sisi.

Na kule nyuma, gogo alianza kunong'ona.

Hakuninong'oneza mimi, wala Marthe. Alikuwa ameinamia tawi, anaongea polepole, ananyamaza, anaongea tena.

"Anasema nini?" nikamuuliza Hugues kwa sauti ya chini.

"Anasema... tunaondoka sasa, mwanangu." Akasikiliza tena. "Anasema, tunapita reli. Anasema, usiogope, hii ni gari ya watu wazuri."

"Anaongea na nani?"

Niliona vidole vyake vimekaza usukani. Hugues amefanya kazi na walinzi wa Kizulu miaka mingi, anajua mambo mengi ambayo hatuambii.

"Victorine," akasema, na huwa haniiti jina zima. "Mwambie Marthe anyamaze. Asiseme kitu chochote mpaka huyu mama ashuke."

Nikageuka. Marthe alikuwa na spika za masikioni. Alikuwa anasikiliza ujumbe wa mama yake, anatabasamu, na mtu mwenye vitu hivyo masikioni huongea kwa sauti ya sokoni. Kabla sijamgusa goti, akabonyeza simu, akaanza kurekodi.

"Mama! Eee, tuko kwenye gari na marafiki. Umeona maua? Hii yote ni Ufaransa, mama. Ufaransa kabisa!"

Mnong'ono wa gogo ukapanda kidogo. Tulikuwa tunakaribia daraja la Standerton, mto Vaal chini yake umeshakuwa mweusi.

"Sesiwela umfula manje, mntanami..." Alikuwa anamwambia mwanawe kwamba sasa wanavuka mto.

"Sasa tunavuka mto, mama, unaitwa Seine..."

"Marthe!" nikamwita. Hakusikia.

"Hapa ni Ufaransa. Nyumbani ni mbali sana, mama. Mbali, mbali. Kufika ni miaka."

Gogo akanyamaza.

Alinyamaza katikati ya neno. Polepole akageuza shingo, akakitazama kile kiti cha katikati. Nikamwona anapapasa juu yake kwa kiganja, huku na huku. Marthe alikuwa amemaliza ujumbe wake, ametoa spika masikioni, anatuuliza mbona tuna sura za msiba.

Nyumba ya gogo ilikuwa ng'ambo ya mto, mwisho wa barabara ya vumbi. Taa ilikuwa inawaka kwenye lango. Watu walikuwa wamejipanga pande mbili, wanawake na blanketi mabegani, hakuna anayesema. Gogo akashuka na tawi lake. Akapita katikati yao, anaongea nalo. Alipofika katikati ya uwanja akasimama. Akalitikisa. Akaliweka sikioni.

Akarudi.

Alikuja mpaka kwenye dirisha la Hugues. Akainama, akaangalia nyuma ya gari, pale katikati. Na kwa mara ya kwanza tangu tumbebe, alituambia neno sisi.

"Akehlanga."

Hugues akageuka kutazama kiti cha nyuma.

"Anasema nini? Hugues. Anasema nini?"

"Hajashuka."

Sioni haya kusema kwamba nilishuka garini mbio, nikasahau hata viatu. Marthe alinifuata. Tukasimama kwenye vumbi huku Hugues na gogo wanaongea kwa muda mrefu, na kila mara gogo aliponyoosha kidole, kilimwelekea Marthe.

Hugues akatueleza. Mwanawe, Bhekani, alikuwa dereva wa lori. Alifia pale kwenye msalaba. Mtu wao akifia njiani, roho yake inabaki palepale, inashangaa, mpaka watu wake waende kumchukua kwa tawi la mti ule. Anayelibeba haongei na yeyote isipokuwa marehemu. Anamwambia kila kona, kila reli, kila mto, ili ajue anakopelekwa. Marehemu hachagui lugha. Anasikiliza mdomo wa aliyembeba.

"Na wewe ulimubeba," Hugues akamwambia Marthe. "Alisikia midomo miwili, akafuata wako. Umemwambia yuko Ufaransa. Umemwambia nyumbani ni mbali."

Marthe akacheka, kicheko kidogo kibaya. "Jameni, si nilikuwa naongea na mama yangu? Mama yangu tu. Ona." Simu yake ilikuwa imelia wakati huohuo, jibu limefika kutoka Uvira. Akalifungua kwa sauti kubwa, wote tusikie.

"Mutoto wangu, asante kwa maua, nimeonyesha majirani wote." Mama alikuwa na furaha, tulisikia kuku nyuma yake. "Lakini huyo mwanaume ni nani? Ule anaongea juu ya sauti yako. Kila ukisema Ufaransa, yeye anasema ngikuphi, ngikuphi. Ni Kifaransa cha huko?"

Kuku wakalia tena. Kisha:

"Mwambie asilie, mwanangu."

Gogo hakujua Kiswahili, lakini lile neno ngikuphi alilisikia. Akaziba mdomo kwa blanketi.

"Ngikuphi," Hugues akanong'ona. "Maana yake, niko wapi."

Marthe alianza kulia. Gogo alimshika mkono, akamfungua vidole, akamwekea tawi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa mama aliyechoka. Alisema kitu kifupi, na Hugues akatutafsiria: mdomo uliompoteza ndio utakaomrudisha.

Tukarudi mtoni. Gogo dirishani, Marthe upande wake, na katikati yao pale ambapo sikuthubutu kugeuka kutazama. Harufu ya tairi ilikuwa nzito mpaka macho yalitoka machozi. Hugues akageuza gari ng'ambo ya daraja, akasimama.

"Nimwambie nini?" Marthe akauliza.

"Ukweli," Hugues akasema. "Mahali ulipo."

Wee, kuna watu ukweli kwao ni mwiba wa samaki kooni. Marthe alifungua mdomo mara tatu.

"Hapa... hapa ni Afrika Kusini," akasema. Gari likaanza kwenda. "Huu mto ni Vaal. Si Seine. Nilidanganya. Nyumbani ni hapa tu karibu, kaka, mama yako yuko na wewe." Sauti ikakatika, akaishika tena. "Mimi ni Marthe wa Uvira. Sijafika Ufaransa hata siku moja. Ninasuka nywele Rockey Street. Ninalala Bellevue na Victorine. Mama yangu hajui. Sasa tunakata kushoto, kaka. Ni barabara ya vumbi. Taa ile ni kwenu."

Alisema hivyo mpaka langoni. Hugues akazima injini.

Mlango wa nyuma kushoto wa ile Corolla una kufuli bovu. Haufunguki kwa ndani, lazima mtu atoke auvute kwa nje. Sisi wote tunaujua, tumeshautania sana.

Ulifunguka.

Na gari likanyanyuka kidogo upande wa nyuma, kama linavyonyanyuka mtu mnene akishuka. Harufu ikakatika palepale. Kule uwanjani mbuzi mmoja akalia, na wanawake wakapiga vigelegele huku wanalia.

Kabla hatujaondoka, gogo alikuja kwa Marthe. Alimshika mashavu. Hugues akatafsiri neno kwa neno: "Mwambie mama yako uko wapi, bado ana masikio. Mfu anakwenda alikoambiwa."

"Nitamwambia," Marthe akasema. "Kesho."

Kesho ilifika, mteja wa rasta akaja asubuhi. Jumapili ilikuwa ibada. Kisha mama akatuma ujumbe kwamba picha ya maua ameisafisha, ameitundika sebuleni, mchungaji wa Uvira ameiombea. "Unataka nimuue?" Marthe aliniuliza. "Nitamwambia Krismasi." Nilimkumbusha mara ya pili, akanuna wiki nzima. Sikumkumbusha ya tatu.

Mama yake hakufika Krismasi. Presha ilimpata Novemba, mvua ikinyesha. Parfait, mdogo wake Marthe, alipiga simu kutoka Uvira, na sisi tulijua kabla hajasema. Marthe akauliza kile ambacho kila mtoto aliye mbali huuliza. Alisema nini mwishoni?

"Alifurahi," Parfait akasema, analia. "Alituomba tumufunge kitenge kipya. Alisema anaenda kumwona Marthe Ufaransa."

Marthe hakulia. Alikaa chini sakafuni taratibu, akaangalia ukuta.

Tulikaa matanga palepale chumbani, watu wa kanisa walijaa hadi kwenye ngazi. Siku tulipomaliza, watu wakaondoka, jua likawa linazama nyuma ya lile ghorofa refu la Ponte, simu ya Marthe ikalia.

Namba ilianza na 33.

Hatuna mtu Ufaransa. Hatujawahi kuwa na mtu Ufaransa. Marthe akapokea, nami nikaweka sikio karibu. Upepo. Majani makavu. Nyayo za mtu aliyechoka, anatembea, anasimama, anatembea tena.

Kisha sauti, mbali sana.

"Marthe... hapa ni wapi?"

Kila jioni ikawa hivyo, jua likizama. Nimeangalia ile simu baadaye, kwenye orodha hakuna namba yoyote. Mchungaji alikuja kuomba, ikalia katikati ya maombi, ghafla akakumbuka ana ibada nyingine Berea. Hugues alitufungia tawi la miiba mlangoni, akasema hayo tu ndiyo anayojua, na tangu hapo anatusalimia akiwa kwenye gari. Labda ni mtu mbaya anatuchezea. Labda ni majonzi, kwa maana Marthe halali wala hali. Ninajiambia hivyo mchana. Jioni siwezi.

Kwa sababu Marthe hupokea. Na sasa anasema ukweli.

"Mama, sikuwahi kuwa huko. Nisamehe. Geuka, mama. Niko Johannesburg. Ukifika Park Station usimfuate mtu anayekushika mkono. Sema Bellevue. Ukipita robot ya pili, zile taa za magari, kuna nyumba ina geti la kijani. Sisi ni chumba cha mwisho juu."

Anasema hivyo kila siku, bila kuchoka, na kila siku nyayo zinakuwa karibu zaidi. Januari hii namba ilibadilika. Ilianza na 27, namba ya hapahapa Afrika Kusini.

Jana jua lilizama, simu haikulia.

Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nilidhani yameisha. Marthe alikuwa amechana nywele zake, amepika ugali wa muhogo na sombe, kisamvu cha kwao, anaimba kwa pua. Akatandika kitambaa sakafuni mbele ya godoro langu. Akaweka sahani.

Tatu.

Kisha akaenda kufungua mlango, akaliondoa lile tawi la Hugues taratibu, akalilaza kando. Akakaa pembeni ya mlango na goti moja chini, mikono miwili mbele, vile tunavyopokea mzigo wa mzee.

"Karibu, mama," akasema. Akanigeukia mimi, uso wake umetulia kwa mara ya kwanza tangu Novemba. "Sogea kidogo, Victo. Mama amechoka na safari."

Nilisogea.

Na godoro, pale nilipopaacha, likabonyea polepole.